Mto wa kiti cha ndege: pima ukiwa umeukalia

Mnaojijengea ndege ndogo, msichague mto kwa rula. Sponji laini ya sentimita 10 ikikaliwa inaweza kubaki 4 tu, na hizo 4 ndizo zinazoamua kichwa kitafika wapi.

Panga vipande vya kujaribia kitini, vaa hedifoni, funga mikanda, funga kioo cha juu, kaa nusu saa. Ndipo upime nafasi kati ya hedifoni na kioo. Angalia kama unaona vizuri juu ya pua ya ndege. Kanyaga pedali mpaka mwisho. Goti lisinyooke kabisa. Vuta fimbo ya kuongozea ndege mpaka mwisho, isigote paja. Mto wa mgongoni nao, ambao wengi huusahau, ukiwa mnene unakusogeza mbele.

Kosa baya kuliko yote ni sponji ya kochi. Ndege ikigonga ardhi kwa kishindo, kiti kinasimama huku mwili bado unazama, halafu nyonga zinakutana na bati kwa kasi. Uti wa mgongo ndio unaoumia. Tumia sponji inayorudi polepole ikibonyezwa: sentimita 2.5 ngumu chini, 2.5 ya wastani katikati, 1 laini juu kama nafasi ipo. Kwenye baridi hukakamaa kama ubao, kisha joto la mwili huilainisha na mikanda inalegea, kwa hiyo kaza tena kabla ya kuruka.

Kitambaa je? Choma kipande nje. Kikiendelea kuwaka ukishaondoa moto, hakifai.