Muvi ilivyotupeleka Lillehammer na mtoto mgongoni

Mwezi wa tatu huu tuliamka alfajiri hapa Oslo, mimi, mume wangu na binti yetu wa mwaka na nusu, tukapanda treni kwenda Lillehammer, na sababu ni muvi tu. Ile ya 2016 ya Nils Gaup, Birkebeinerne (kwa Kiingereza The Last King), ambapo wapiganaji wawili wa kundi la Birkebeiner lililokuwa upande wa mfalme wa Norway, Torstein na Skjervald, wanamtorosha mtoto wa mfalme, Haakon, mwaka 1206 kwa ski (zile mbao za kutelezea kwenye theluji) milimani, huku maadui zao, kundi la Bagler, wanamsaka wamuue. Mume wangu alianza kuiangalia kwa sababu ya yule jamaa wa ndevu nyekundu wa Game of Thrones, mimi ndo nikaishia kulia.

Treni ni kama masaa mawili, sehemu kubwa unatembea na ziwa Mjøsa, limeganda lote jeupe. Kufika mjini tukachukua basi la kupanda milimani, Sjusjøen, na kushuka tu simu ikazima, baridi imekula chaji yote, kwa hiyo picha hakuna msiniulize.

Nikamfunga mtoto kwa kanga mgongoni, koti juu, tukaanza kutembea. Hatua hamsini hivi nahema kama mbwa! Ana kilo kumi na moja, theluji inafika magotini, wale wenzetu wa kwenye muvi walikuwa wanavuka mlima mzima mpaka bonde la Østerdalen.

Akapita mzee mmoja na ski zake, kibegi mgongoni, akasimama kutusalimia. Kumbe anajipasha kwa ajili ya Birkebeinerrennet, mbio za kilomita 54 kutoka Rena mpaka Lillehammer, kila mtu anabeba begi la kilo 3.5 kumkumbuka yule mtoto. Nikamwambia, mzee wangu, Haakon kazaliwa 1204, piga hesabu, hizo kilo 3.5 ni kichanga cha leo asubuhi, mtoto wa umri ule ni huyu hapa, mshike uone. Akamshika, akacheka, akamrudisha haraka sana.

Huyo Haakon alikuja kutawala kuanzia 1217 mpaka 1263, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Norway vikaishia kwake. Lakini kwenye hekaya ya zamani kinachonikaa mimi ni kwamba njiani hawakuwa na chakula cha kumpa, wakawa wanamyeyushia theluji mdomoni.

Nikamjaribishia wa kwangu kidogo kwenye ncha ya kidole. Akakunja uso, akameza, akaachama tena.