Pigo la nne ambalo halipigwi

Leo nataka niongelee kitu kimoja tu ambacho huwa kinanila muda kuliko vyote nikifundisha muziki kwa watoto wadogo, hawa wa darasa la kwanza mpaka la tatu, nacho ni kimya. Sio kile kimya cha mwalimu anaongea wao wamekaa, hapana, naongelea kimya kilichomo ndani ya muziki wenyewe, lile pigo ambalo hulipigi lakini unalihesabu.

Zoezi lenyewe ukiambiwa unaliona jepesi. Tunasimama duara, miguu inatembea palepale moja mbili tatu nne, mikono inapiga makofi kwenye moja, mbili, tatu, afu ikifika nne viganja vinaachana tu hewani bila sauti. Basi, hamna kingine. Sasa jaribu na darasa zima uone. Mara ya kwanza nusu yao wanaipiga ile nne, mara ya pili wameshakumbuka wasiipige ila wanairuka, yani wanaenda moja mbili tatu moja mbili tatu, nne imemezwa kabisa na miguu nayo imeshaanza kufuata mikono. Hapo ndo nilikuja kuelewa kwamba kwa mtoto mdogo pasipo na sauti hapana muda, na kumfanya ahisi kwamba muda unaendelea kupita hata kama hakuna kinacholia, kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko kumfundisha noti zote.

Mwanzoni nilikuwa nawaambia tu "nyamazeni kwenye nne", haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kukipa kimya kazi ya mwili. Kwenye nne gusa mabega, au dakeni mpira ambao haupo, na tukishazoea tunapunguza, mabega yanakuwa kidole kwenye midomo, kidole kinakuwa kuinamisha kichwa kidogo, mwisho hakionekani kitu kwa nje ila la nne lipo. Émile Jaques-Dalcroze wa Uswisi (1865–1950) aliliona hili kwa wanafunzi wakubwa kabisa wa muziki, wanajua nadharia vizuri lakini miili haishiki mapigo, akaanza kuwatembeza na kuwachezesha, na njia yake inafundishwa mpaka leo.

Kwenye vyombo ndo kazi inazidi. Ngoma haina shida sana, unaweka kiganja juu ya ngozi inanyamaza, pembetatu, ile ya chuma ya kugonga, nayo unaikamata tu na vidole. Tatizo ni manyanga! Mtoto anasimamisha mkono wake sawasawa kabisa kwenye nne, lakini mbegu zilizoko ndani bado ziko safarini, zinagonga upande wa pili "cha", mtoto anashtuka maana yeye ameshaacha. Wengi wanadhani wamekosea wanakata tamaa, na mimi nilikuwa nawasahihisha mikono kumbe mikono haina kosa. Siku hizi nawaonyesha kwanza, tunasikiliza mbegu zinavyotua, afu pigo la tatu tunalipigia kwenye kiganja cha mkono mwingine na manyanga yanabaki pale pale yameegemea, mbegu zinatulia.

Kuandika kunakuja mwisho kabisa, na naomba walimu wenzangu tusikimbilie ubao. Mi natumia vijiti, mstari mmoja wima ni ta, yani sauti moja kwenye pigo moja, miwili iliyounganishwa juu ni ti-ti, sauti mbili ndani ya pigo moja, na kimya ni herufi Z, ni njia inayotumika sana na wanaofuata mafundisho ya Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria. Mtoto ambaye ameshakihisi kimya akiona Z anajua ni nini, ambaye hajakihisi anaiona ni herufi tu anaipita.

Afu kuna marimba. Kwenye zile noti saba za do re mi, ukitoa vipande vya fa na ti zikabaki noti tano, mtoto anaweza kubuni chochote na bado kikasikika vizuri, hii nimeitoa kwa Carl Orff na mwenzake Gunild Keetman wa Ujerumani, ambao walipendelea vyombo ambavyo vipande vyake vinachomoka. Tunacheza swali na jibu, mmoja anauliza kwa mapigo manne mwenzake anajibu, na sharti langu ni moja tu, la nne liwe tupu. Wakisahau swali na jibu vinagongana, wanasikia wenyewe, hata sina haja ya kusema.

Sasa kuna binti mmoja wa darasa la pili, mpole, haongei sana, nikaona hakosei hata mara moja wakati wenzake wote wanayumba. Nikasogea karibu nimwangalie, mikono ya kawaida, kichwa hakiinami, mdomo hauhesabu. Nikachuchumaa mbele yake kabisa ndo nikaona, anafumba macho. Moja, mbili, tatu, kope zinashuka, zinapanda, moja. Nikamuuliza nani kakufundisha akasema hakuna, "nikifumba naisikia". Nikamwomba awaonyeshe wenzake, akasimama katikati ya duara akawaonyesha kwa sauti ndogo sana na darasa zima likatulia kumwangalia, afu tukajaribu wote, makofi matatu na macho kufumba, na kwa mara ya kwanza muhula huu la nne likaja tupu, tupu kabisa, mara nane mfululizo bila hata kofi moja kupotea.

Wiki ijayo tunajaribu mapigo mawili ya kimya, la tatu na la nne, na nimeshamwambia yeye ndo ataanza.