Matuta ya viazi bado yapo

Juzi nilipanda hadi Slievemore, kisiwa cha Achill, magharibi ya Ayalandi. Ni mahame. Nyumba za mawe kama mia hivi, hazina paa, kondoo wanaingia na kutoka watakavyo.

Kilichonishika si nyumba, ni matuta. Matuta ya viazi bado yanaonekana chini ya majani, yamepanda na mlima. Viazi vilianza kuozea shambani mwaka 1845. Watu kama milioni moja wakafa, wengine zaidi ya hao wakapanda meli.

Mzee niliyekutana naye njiani alinieleza yaliyofuata. Zamani baba aligawa kashamba kake kwa wanawe wote, na vijana walioa mapema, maana viazi vilitosha. Baada ya njaa, shamba likawa la mtoto mmoja tu. Naye alingoja mpaka baba akubali kuachia jembe, anaoa mvi zimeshaanza. Wengine? Marekani, au ubaki kapera kwa kaka yako. Kiayalandi nacho kikapungua, wazazi wakitaka watoto wajue Kiingereza cha huko waendako.

Usiku wa kuamkia safari, majirani walikesha na msafiri, ngoma na vilio pamoja. Wakauita matanga ya Marekani. Mtu mzima wa afya anacheza kwenye matanga yake mwenyewe! Nikamkumbuka mama pale uwanja wa ndege, alivyonishika mkono bila kusema kitu.

Wakati nateremka, kondoo mmoja alikuwa amejilaza mlangoni kama mwenye nyumba.