Kifuniko cha korona kisichofunguka ngoma ikizunguka

Kazi yangu ni kubuni na kuchora mifumo ya umeme ya kuendeshea mitambo ya viwandani, na kwa sisi wa Tanga mitambo hiyo mara nyingi ni ya saruji, chokaa au mkonge. Wengi hudhani ugumu uko kwenye kuandika programu ya PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mitambo. Kwangu mimi ugumu uko kwenye swali ninalojiuliza kila ninapochora mstari: waya huu ukikatika, mashine itafanya nini?

Chukua korona moja niliyoishughulikia njia ya Muheza. Korona ndiyo mashine ya kusinga mkonge. Majani yanaingia kwa mkanda, ngoma yenye visu butu inayapondaponda huku maji yakimwagika, singa, yaani nyuzi, zinatokea upande wa pili. Mwenye shamba alitaka paneli mpya, yaani kabati la umeme la kuiendeshea. Mota ya volti 400 niliiwekea mwanzo wa nyota-delta, yaani inaanza ikiwa imeunganishwa kwa nyota kisha inahamia delta, maana ukiiwasha moja kwa moja huweza kuvuta mkondo mara 6 hadi 8 ya ule wa kawaida, na nyota-delta huushusha hadi theluthi. Hapo sikukaa sana.

Nilikaa kwenye ngoma. Ni nzito mno, na ukizima mota inaendelea kuzunguka. Singa zikijiviringisha humo, mtu anakimbilia kufungua kifuniko azitoe. Opereta wa siku nyingi, mzee aliyeanza kazi za mkonge kabla sijazaliwa, aliniambia, "Mwanangu, kitufe chako chekundu kinazima mota, ngoma hakiizimi."

"Ndiyo maana nimekuja kukuuliza, mzee wangu," nikamjibu. Akanionyesha hasa mkono unapopita.

Nikaamua kifuniko kiwe na kufuli la umeme: springi ndiyo inayofunga, umeme ndio unaofungua. Umeme wa gridi ukikatika ghafla, kifuniko kinabaki kimefungwa. Lakini PLC itajuaje kwamba ngoma imesimama? Njia rahisi ni sensa inayohesabu meno ya gurudumu la chuma kwenye shafti, na hesabu ikikoma, fungua. Njia hiyo sikuikubali. Waya wa sensa ukikatika, hesabu nayo inakoma, kwa hiyo PLC itaona ngoma imetulia wakati visu bado vinazunguka. Mtu anapoteza mkono kwa sababu ya waya uliotafunwa na panya.

Kwa hiyo nikaweka sensa mbili, zikipishana nusu ya umbali kutoka katikati ya jino hadi katikati ya jino linalofuata, na meno nikayachonga mapana kidogo kuliko mapengo. Hapo gurudumu likisimama popote, angalau sensa moja itakuwa inaona chuma. Kufuli linafunguka pale tu hesabu zote mbili zimekoma na walau moja inaona chuma. Hesabu zikikoma na hakuna hata moja inayoona chuma, hiyo ni hitilafu, halifunguki. Ukikatika waya mmoja ngoma ikizunguka, ile nyingine bado inahesabu, na kutofautiana kwao kunawasha taa ya njano. Ishara hizi nilizipitisha kwenye rilei ya usalama, swichi maalumu inayojikagua yenyewe, kwa kuwa PLC ya kawaida pekee siiamini kwa mkono wa mtu.

Kebo zote niliziingiza kwa chini, paneli ikawa ya IP65, yaani isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushwa, na hita ndogo ndani, kwa sababu ya maji ya korona na unyevu wa huku kwetu.

Wakati wa makabidhiano nilichomoa waya wa sensa moja ngoma ikizunguka. Taa ikawaka, kifuniko kikagoma. Mzee akakivuta kwa mikono miwili, halafu akaniambia nichomoe na wa pili. Nikachomoa, akavuta tena, kikagoma. Aliridhika, ila alikuwa na sharti: ufunguo wa kufungulia kwa mkono umeme usipokuwepo usining'inizwe kwenye paneli, ukae kwa msimamizi wa zamu, na asiutoe kabla ya kuichungulia ngoma kwa macho yake. Tukaliandika hivyo kwenye kibao cha mlango wa paneli, na nami nikaliongeza kwenye ukurasa wa kwanza wa michoro.