Siku yangu moja: kusaka TV mbovu Tanga

Saa 12 na nusu asubuhi nipo juu ya baiskeli natoka Mikanjuni kwenda Ngamiani kwa wauza skrepa, kwenye begi nina multimita, bisibisi, tochi na ekstensheni. Nawahi kwa sababu moja tu, vijana wa skrepa wakishashusha mzigo nyundo inaanza kazi, wao wanatafuta shaba, unakuta TV ya chogo imepasuliwa itolewe koili ya shingoni, redio imevunjwa kwa ajili ya transfoma, na vingine vilikuwa vinadai fyuzi tu jamani. Inaniuma sana hii. Kile kioo cha chogo kina madini ya risasi ndani yake na vipande vinabaki hapo hapo watoto wanapopita.

Saa 1. Leo kuna flati mbili za inchi 32. Moja kioo kina ufa kwenye kona, hiyo hata bei siulizi, maana paneli ikishapasuka gharama yake haina tofauti kubwa na kununua TV nyingine. Ya pili nikaomba umeme nijaribu. Taa nyekundu ikawaka, nikabonyeza pawa, sauti ikatoka safi kabisa ila kioo cheusi tii. Moyo ukaanza kunidunda. Nikawasha tochi nikaisogeza mpaka ikaribie kugusa kioo, nikaimulika kwa ubavu, na picha hiyo hapo, hafifu lakini menyu inasomeka. Basi bodi nzima, paneli nzima, zilizokufa ni taa za nyuma tu.

"Fundi nipe hamsini, hii nzima hii, imekosa mwanga tu."

"Kaka nina thelathini, na taa zenyewe nakwenda kununua."

Tukamalizana kwenye thelathini na tano.

Saa 2 mbaazi za nazi na maandazi, chai ya rangi, naondoka.

Saa 3 dogo mmoja kanifuata na smatifoni, anataka elfu kumi na tano na anaangalia nyuma nyuma. Nikabonyeza *#06# nione IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, iliyotokea haifanani na ya kwenye kibandiko cha ndani, risiti hana, boksi hana. Sinunui. Mtaji wangu mdogo lakini kuna mtu huko analia na simu yake.

Saa 4 nipo kibarazani kwangu nafungua TV. Kwanza kabisa ile kapasita kubwa ya pawa saplai, umeme wetu ni volti 230 lakini ukishageuzwa pale ndani unafika kama 325 na unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya, kwa hiyo naimaliza chaji kwa balbu ndo naingiza mkono. Paneli tunainua watu wawili, ni kioo chembamba, ukiipinda kidogo tu kwaheri. Chini yake taa zimeungwa mstari mmoja, ikikata moja zote zinalala. Nikapima moja moja, ya tano kutoka kushoto imeungua mpaka ina doa jeusi. Kuna mafundi wanabadilisha hiyo moja tu, mimi nabadilisha mistari yote maana zilizobaki zimechoka pamoja na mwenzao, mteja atarudi kabla ya mwezi na jina langu litaharibika.

Saa 7 swala, wali na changu.

Saa 8 sabwufa inaunguruma, kapasita mbili zimevimba vichwa na bodi ina kutu ya kijani, ndo hewa ya bahari hiyo. Mswaki, spiriti, kapasita mpya, imepona.

Saa 10 nafungua betri za laptop zilizokufa. Mara nyingi hazifi seli zote, zinazoshika chaji vizuri nafanyia taa za dharura, zilizoshuka chini ya volti 2 naweka pembeni, hizo kuzichaji ni kutafuta moto.

Saa 12 jioni TV bado inawaka tangu mchana, sitoi kitu ambacho hakijakesha kidogo. Akaja mama anayeuza chakula jirani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, ndo yenyewe hiyo? Shilingi ngapi?"

Laki na ishirini, tukashuka mpaka laki na kumi, katoa themanini, iliyobaki mwisho wa wiki. Nikambebea mpaka kwake nikamfungia na king'amuzi, halafu nikashusha mwanga kwenye menyu na nikamwomba asiupandishe, maana taa zikikaa mia kwa mia kutwa nzima zinachoka haraka.