Sanamu Haina Roho

Ijumaa moja ya Desemba 2016, katika chuo cha uuguzi cha Brooklyn, New York, ambacho sitakitaja jina, sanamu mbili za kufanyia mtihani wa vitendo zilibaki moja. Ya pili ilikuwa imepasuka kiunoni na kuvuja maji tangu asubuhi, na kwa kuwa mtihani wenyewe ulikuwa wa kumwekea mgonjwa mpira wa mkojo, haikufaa tena kwa lolote. Foleni ikarefuka maradufu. Mimi niliangukia zamu ya saa saba na nusu mchana. Mwenzangu wa benchi, Myahudi wa mtaa wa Borough Park, akasukumwa hadi saa tisa na nusu.

Sisi tuliozaliwa Mombasa tumezoea jua lenye adabu, linalotua karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. New York, mwezi huo, jua huzama saa kumi na nusu, na mwanamke wa Kiyahudi anayeshika dini huwasha mishumaa ya Sabato dakika 18 kabla yake. Baada ya hapo hapandi gari, haandiki, wala hagusi taa au simu mpaka nyota tatu zionekane Jumamosi usiku. Kutoka chuoni hadi kwake ulikuwa mwendo wa basi wa dakika 40 siku ambayo barabara hazina msongamano, na Ijumaa jioni Brooklyn haijui siku kama hiyo.

Akamwendea mkufunzi na kuomba zamu ya mapema. Mkufunzi, bila kuinua macho kutoka kwenye orodha yake, akamjibu kwamba mgonjwa hangoji Sabato.

"Mgonjwa akiwa mtu, nami sitangoja," mwenzangu akasema. "Nitakuja kwa gari, nitaandika, nitawasha taa zote, na dini yangu itanilaumu nikibaki nyumbani. Lakini hii ni sanamu. Sanamu haina roho."

Darasa likacheka. Mkufunzi hakucheka, alisema tu kwamba ratiba haibadiliki ila mwanafunzi mwingine akubali kubadilishana kwa hiari yake.

Nakiri kwamba sikunyanyua mkono mara moja. Nilisoma madrasa, naijua kanuni ya dharura inayohalalisha lililokatazwa, nami nilidhani mtu ambaye cheti chake kiko hatarini angeweza kuiegemea. Nilimnong'oneza hivyo. Akanieleza, kwa subira ya mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi, kwamba kwao kuokoa uhai huiondoa Sabato njiani, na kwamba hiyo si ruhusa bali ni amri. Lakini alama za mtihani si uhai, na atakayeziita uhai leo atayaita mengi uhai kesho.

Kilichonishangaza ni kwamba mwanamke huyo hakuwa mtu wa kukaa pembeni. Kabla ya kujiandikisha chuoni alikwenda na mumewe kumuuliza rabi wao, na aliporudi na idhini hakukosa kipindi hata kimoja. Mtoto wake mchanga alilelewa na mama mkwe, ambaye mwanzoni hakuupenda mpango huo. Mwenzangu mwenyewe alikuwa amesoma Bais Yaakov, shule za wasichana zilizoanzishwa na Sarah Schenirer, fundi cherehani wa Kraków, mwaka 1917, wakati ambapo wavulana ndio waliofundishwa Torati na wasichana wakaachiwa shule za kawaida. Na siku zile jina lililokuwa halimtoki mdomoni ni la Rachel Freier, mama wa watoto sita, wa Wahasidi, Wayahudi wanaoshika dini kwa ukali, wa hapo hapo Borough Park, ambaye mwezi uliotangulia alikuwa amechaguliwa jaji wa mahakama ya madai. Freier huyo huyo ndiye aliyeanzisha Ezras Nashim, kikosi cha wanawake wanaoitikia simu za dharura, kwa sababu kile cha wanaume kilikuwa hakiwapokei wanawake. Kila tulipochoka kukariri majina ya dawa, mwenzangu alinikumbusha kwamba Freier alihitimu sheria akiwa na miaka 40.

Yeye alifunika nywele zake kwa wigi, mimi kwa mtandio, na kwa wenzetu wengi darasani tulikuwa wanawake wawili wa kuhurumiwa. Huruma hiyo ndiyo iliyotukalisha benchi moja.

Nikampa zamu yangu. Alifaulu, akanawa mikono, akachukua mkoba na kukimbilia kituoni huku bado amevaa viatu vyeupe vya wodini. Nami nikabaki kungoja saa tisa na nusu, ambayo kwa ucheleweshaji ikawa saa kumi na nusu kamili, na dirishani anga likawa jekundu. Hapo ndipo nilipong'amua nilichokifanya: magharibi ilikuwa imenikuta mimi.

Kwa mwaka mzima nilikuwa nikisali kwa kujificha kwenye ngazi za nyuma. Safari hii nilimwendea mkufunzi, nikamwomba dakika tano. Akavua miwani.

"Na wewe pia?"

"Nami pia."

Nikatandika koti langu kando ya ile sanamu iliyopasuka, nikasali huku wanafunzi watatu waliobaki wakitazama viatu vyao. Kisha nikafanya mtihani, nikaigusa mikono ya koti langu la kazi nikiwa nimekwisha kuvaa glavu zilizotakaswa, ambazo hazipaswi kugusa nguo, nikaambiwa nirudie Jumatatu. Sitaisingizia sala, mikono ilikuwa inatetemeka tangu mchana.

Jumamosi usiku simu ikalia. Kwetu Waswahili Jumamosi ndiyo siku ya mosi, kwao ni ya saba, na usiku ule ilikuwa imemalizika kwao muda mfupi tu. Nilisikia watoto wakikimbia na vyombo vikioshwa. Hakunisalimia hata vizuri.

"Umefaulu?"

Nikamwambia. Akanyamaza kwa muda, nikadhani mtandao umekatika.

"Jumatatu saa ngapi?" akauliza. "Msaidizi anaruhusiwa. Nitakuja nikushikie taa."