Kerneli Iliyoganda Kabla ya Msimu wa Korosho

Septemba ilikuwa inakatika na maghala ya Mtwara yakijiandaa kwa msimu. Seva iliyokuwa ofisini kwetu Shangani ndiyo ingepokea uzito wa korosho kutoka mizani zote, nayo ilikuwa imeanza kuganda usiku, wakati wa kuandika nakala za akiba. Memori na kerneli, yaani kiini cha mfumo wake wa Linux, vilibadilishwa kwa pamoja, kwa hiyo kila mtu alikuwa na mshukiwa wake.

Bosi wetu, mama wa Kimakonde, hakutaka maneno mengi. "Mwanangu, nataka kujua kama itanitia aibu mbele ya wakulima."

Memtest86+ ilikesha ikikagua memori, haikuona kasoro. Ikabaki kerneli. Mwenzangu alitaka tuendeshe LTP yote, yaani Linux Test Project, mkusanyo wa majaribio ya kerneli ya Linux. Naiheshimu sana LTP: ilianzishwa na kampuni ya SGI, na leo inachangiwa na watu wa SUSE, Red Hat na wengine. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kuuliza kila mwito wa mfumo, yaani ombi la programu kwa kerneli, kama unajibu inavyotakiwa. Yetu ilijibu vizuri mchana kutwa. Shida ilianza ikielemewa. Akaja na wazo la xfstests, mkusanyo wa majaribio uliozaliwa kwenye mfumo wa faili wa XFS. Hapo nilikataa katakata. Majaribio yake mengi yanataka sehemu ya diski ya kufutwa na kuumbwa upya kila mara, na diski yetu ilibeba hesabu za wakulima za msimu uliopita.

Nikashika stress-ng ya Colin Ian King, programu ya kuielemeza mashine makusudi. Ina vipimo vya kubana mashine vya kila aina, na ukiiacha hivihivi unaweza kubana vitu ambavyo mashine yako haitavigusa maisha yake yote. Nilichagua vitatu tu vinavyofanana na usiku wa ghalani: kuandika diskini, kubana memori na soketi za mtandao. Nikaongeza chaguo la kuhakiki data. Kwa kuwa mashine ikiganda huandika kumbukumbu zake nusu nusu au haiandiki kabisa, niliwasha netconsole, ujumbe wa kerneli ukawa unarushwa hadi kwenye laptopu yangu.

Kimoja kimoja, vyote vilipita. Nilipoviwasha pamoja, seva ilinyamaza, na kwenye laptopu ukatokea mstari: mchakato umekwama zaidi ya sekunde 120. Chini yake yakafuatana majina ya fankisheni, mengi yakiwa ya drayva ya diski, programu inayoiwezesha kerneli kuongea na diski. Mwenzangu alivuta kiti akasoma mstari kwa mstari, hakutaja tena memori.

Tulirudisha kerneli ya zamani, memori ile ile mpya, amri ile ile. Ilipumua kwa shida lakini ikafika asubuhi, bila mstari hata mmoja wa kukwama. Watunzaji wa drayva tuliwatumia kumbukumbu za kerneli zote mbili pamoja na amri yenyewe.

Mama akaruhusu seva iende ghalani na kerneli ya zamani. Amri ya jaribio niliibandika ndani ya mfuniko wa mashine, kwa yeyote atakayeleta kerneli nyingine.